Shajara ya mradi: kolesteroli ya chakula na ulegeaji wa aota ya sungura, Dodoma

Shajara hii inafuatilia mradi mdogo wa maabara hapa Dodoma, unaochunguza jinsi kolesteroli inayoliwa inavyobadilisha utendaji wa aota ya sungura, yaani mshipa mkuu unaopokea damu kutoka moyoni. Tunatafuta hatua inayotangulia ugonjwa unaoonekana: wakati ambapo mshipa ukiuangalia kwa macho ni mzima, lakini ukiuamuru ulegee, unashindwa. Maingizo yanafuata miezi, na hayalingani kwa urefu, kwa sababu kazi yenyewe haikulingana kwa uzito.

Machi

Swali la kwanza tulilotakiwa kulijibu mbele ya kamati ya maadili lilikuwa kwa nini sungura, wakati panya hufugwa kwa gharama ndogo na kila maabara inaye. Jibu lina umri unaozidi miaka 100. Mwaka 1908 mtafiti wa Kirusi, Ignatowski, aliwalisha sungura nyama, mayai na maziwa, akakuta aota zao zimeharibika, naye akadhani chanzo ni protini. Mwaka 1913, huko St. Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow waliyeyusha kolesteroli safi katika mafuta ya alizeti, wakawalisha sungura, na madoa yaleyale ya mafuta yakajitokeza kwenye ukuta wa aota, ilhali sungura waliopewa mafuta ya alizeti matupu hawakupata madoa hayo. Waliojaribu jambo hilo kwa panya na mbwa waliambulia patupu, na kwa miaka mingi wapinzani waliushika ushahidi huo na kudai kwamba habari yote ni ya sungura tu.

Sababu ya tofauti hiyo sasa inafahamika. Ini la panya na la mbwa hugeuza kolesteroli ya ziada kuwa asidi za nyongo na kuitoa kwa wepesi. Sungura ni mla majani, na majani hayana kolesteroli ya kuhesabika, kwa hiyo mwili wake hauna njia pana ya kuitoa inapomjia kwa wingi. Hubaki ikizunguka katika damu. Tena damu ya sungura, kama ya binadamu, ina protini inayohamisha esta za kolesteroli kutoka lipoprotini moja, yaani chembe inayobeba mafuta katika damu, hadi nyingine, na panya hana protini hiyo. Wanaong'ang'ania panya hulazimika kuongeza asidi ya nyongo chakulani, na pengine dawa ya kudumaza tezi ya koo, na hapo wanakuwa wamemtwisha mnyama ugonjwa wa pili juu ya ule wanaouchunguza. Kwa maoni yangu, hiyo ni gharama kubwa kuliko bei ya sungura.

Kwa mtu wa Dodoma au Singida kuna la kutabasamu katika habari ya mwaka 1913: kiungo kilichotumika St. Petersburg huku kwetu kinauzwa kwenye madumu kando ya barabara kuu.

Kibali kimetolewa kwa kuzingatia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sharti kubwa la kamati ni kutumia wanyama wachache iwezekanavyo, na hili halitutatizi sana, kwani aota moja ya kifua hukatwa pete kadhaa, na kila pete inaweza kuulizwa swali lake.

Aprili

Kazi ya mwezi huu imekuwa ni chakula. Tumechagua kiwango cha asilimia 0.5 ya kolesteroli kwa uzito wa chakula. Sungura mzima wa kilo 3 hula gramu 100 hivi za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo humeza nusu gramu ya kolesteroli kila siku. Yai moja kubwa la kuku lina miligramu 186 hivi, na karibu zote zimo kwenye kiini, maana yake sungura huyu hula kolesteroli ya mayai yanayokaribia matatu. Ukilinganisha kwa uzito wa mwili na mtu wa kilo 60, hayo ni mayai zaidi ya 50 kwa siku. Ninaiweka hesabu hii mapema katika shajara ili asitokee mtu wa kuyachukua matokeo yetu na kuyapeleka moja kwa moja kwenye sahani yake ya asubuhi.

Wapo waliotumia asilimia 1 na hata 2. Kwa viwango hivyo ini la sungura hujaa mafuta, huvimba na kugeuka manjano, na mnyama huugua kwa namna ambayo huwezi tena kujua kama mshipa umeshindwa kwa sababu ya kolesteroli au kwa sababu ya ini. Hata asilimia 0.5 si kiwango cha kuendelea nacho kwa miezi mingi, na kwa hiyo tumepanga kipindi kifupi cha ulishaji.

Kolesteroli isipochanganywa na mafuta hufyonzwa kidogo sana na utumbo, ndiyo maana mafuta ya alizeti ni ya lazima. Lakini mafuta yenyewe si shahidi asiye na upande. Yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo hushusha kolesteroli ya damu ikilinganishwa na mafuta yanayoganda, na yana vitamini E nyingi. Vitamini E inatuhusu moja kwa moja: mwaka 1993 kundi la Keaney nchini Marekani lilionesha kwamba sungura waliolishwa kolesteroli pamoja na vitamini hiyo walihifadhi uwezo wa mishipa yao kulegea, na mwaka uliofuata kundi hilohilo likaonesha kwamba kiasi kikubwa mno kiliuharibu uwezo huo badala ya kuulinda. Kutokana na hayo, kundi linganishi linapata mafuta yaleyale, kutoka ukamuaji uleule, kwa kipimo kilekile. Kinachokosekana ni kolesteroli peke yake.

Jambo jingine ni uchacho. Kolesteroli iliyokaa kwenye joto na hewa huungana na oksijeni na kuzaa oksisteroli, ambazo huudhuru mshipa kuliko kolesteroli safi. Chakula kinachanganywa kidogokidogo na kufungiwa kwenye jokofu gizani, na kinachobaki kwenye kihori hupimwa na kutupwa.

Mei

Ingizo hili linahusu maji, gesi na mwinuko wa mji. Wenye maabara za pwani wanaweza kuliruka.

Pete ya mshipa huishi nje ya mwili kwa saa kadhaa ikizamishwa kwenye mmumunyo wa Krebs, yaani maji ya chumvi yaliyotengenezwa kufanana na majimaji ya damu, wenye joto la nyuzi 37, huku gesi yenye asilimia 95 ya oksijeni na asilimia 5 ya kabonidayoksaidi ikipita ndani yake kwa viputo. Maji ya bomba ya hapa ni magumu na yana chumvi, kwa hiyo tunatumia maji yaliyokenekwa, na mtambo wa kukeneka unahitaji kukwanguliwa magadi mara kwa mara. Kalisi huongezwa mwisho, gesi ikiwa imeshapita, la sivyo mmumunyo hugeuka ukungu na kalisi huzama chini ambako mshipa hauipati.

Tatizo lililotuchukua muda ni pH, yaani kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua. Vitabu vinasema mmumunyo wenye milimoli 25 za bikaboneti kwa lita ukipitishiwa gesi hiyo hutulia kwenye pH ya damu. Vitabu vimeandikwa usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa huo, na kanieneo ya hewa hapa ni takribani kilopaskali 88 badala ya 101. Asilimia 5 ya kanieneo ndogo ni kabonidayoksaidi chache, na kwa hiyo pH ya mmumunyo uleule hupanda kwa takribani 0.06. Ni tofauti ndogo, na kwa majaribio mengi mtu angeipuuza, lakini misuli laini ya mshipa huitikia mabadiliko ya pH, na sisi tunataka kulinganisha michoro yetu na ya wengine. Tumepunguza bikaboneti hadi milimoli 21.6 kwa lita na kufidia sodiamu kwa chumvi ya kawaida. Kipimo cha pH, kikisomwa mmumunyo ukiwa na joto la nyuzi 37 na gesi ikipita, kimekubaliana na hesabu. Oksijeni nayo hupungua kwa mwinuko huu, ila kwa asilimia 95 bado ni nyingi mno kuliko mahitaji ya pete nyembamba kama hizi.

Juni

Sungura wameanza kula chakula cha jaribio. Tulichagua miezi ya baridi kwa makusudi. Sungura hatoki jasho. Hupoza mwili kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 hupunguza kula. Akipunguza kula, dozi ya kolesteroli hupungua naye, na kundi zima huyumba.

Baridi nayo ilituletea lake. Asubuhi za Juni hapa hushuka hadi karibu nyuzi 14, na siku moja tulikuta mitungi yote ya mafuta imeweka ukungu mweupe. Wasiwasi wa kwanza ulikuwa kwamba kolesteroli imejitenga na mafuta na kuwa chenga. Lakini mtungi wa kundi linganishi, usio na kolesteroli hata chembe, nao ulikuwa na ukungu. Tulimpigia mama mwenye mashine ya kukamulia aliyetuuzia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alicheka, akasema, “Mwanangu, hayo hayajaharibika. Hiyo ni nta ya maganda ya alizeti. Mafuta yasiyosafishwa yote hufanya hivyo baridi ikiingia. Yaanike juani yatarudi.”

Alikuwa sahihi kwa mtungi mmoja. Kufikia saa sita mchana mafuta matupu yalikuwa yameng'aa tena, ilhali yale yenye kolesteroli yalikuwa yamebaki na unga mwembamba chini, unaometa ukigeuza mtungi kwenye mwanga. Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili yaliyofanana kwa sura: nta, iliyokuwa katika mitungi yote, na kolesteroli, iliyokuwa katika mmoja. Tangu siku hiyo mafuta hupashwa hadi nyuzi 60, kolesteroli ikayeyuka yote, kisha humiminwa kwenye chakula cha punje yangali ya moto huku chakula kikigeuzwageuzwa, ili hata ikijitenga baadaye, ijitenge ikiwa imeshasambaa ndani ya punje.

Tulijadili kama tuhamie mafuta yaliyosafishwa kiwandani, ambayo hayana nta. Tuliamua tusihame. Usafishaji huondoa sehemu ya vitamini E, na kubadilisha mafuta katikati ya ulishaji kungeleta swali ambalo pete zisingeweza kulijibu.

Julai

Damu hutolewa kwenye mshipa wa sikio, baada ya sikio kupashwa joto kwa kitambaa ili mishipa itanuke. Kumfungisha sungura kabla ya kumtoa damu hakusaidii kama kunavyosaidia kwa binadamu, kwa sababu usiku hula upya kinyesi chake laini na tumbo lake halibaki tupu kamwe. Tunachokifanya ni kutoa damu saa ileile kwa wote.

Mashine ya kuzungusha damu iliposimama, hapakuhitajika kipimo ili kujua nani amekula nini. Plasma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli zake, ya kundi linganishi ilikuwa angavu, rangi ya majani makavu, na maandishi ya daftari yalisomeka kupitia kwenye neli. Plasma ya kundi la kolesteroli ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. Tulizifunika neli kwa karatasi ya fedha na kuzipa namba, kwa sababu mtu aliyekwishaona weupe huo hawezi tena kuusoma mchoro wa mshipa bila kuwa na upande.

Sungura wa kawaida huwa na kolesteroli ya damu ya milimoli 1 hadi 2 kwa lita, na kwa chakula cha namna hii kupanda mara 10 au zaidi ni jambo la kawaida. Jambo la kulikumbuka ni kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli hiyo husafiri katika mabaki ya lipoprotini zenye uzito mdogo sana, ilhali kwa binadamu mwenye kolesteroli nyingi sehemu kubwa huwa katika lipoprotini zenye uzito mdogo, yaani LDL. Anayetaka sungura aliye karibu zaidi na binadamu kwa upande huu hutafuta wale wa Watanabe, waliogunduliwa Kobe, Japani, ambao wamezaliwa na kasoro katika vipokezi vya LDL, yaani protini zinazoinasa LDL na kuiondoa kwenye damu, na hupata ugonjwa hata wakila majani matupu. Hatuna hao, na swali letu ni la chakula.

Agosti

Pete za kwanza zimesomwa, na ingizo hili ni refu kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mradi.

Aota ya kifua hutolewa mnyama akiwa amelazwa kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi isiyo na kuamka. Huwekwa mara moja kwenye mmumunyo baridi, ikasafishwa mafuta na nyuzi za nje kwa mkasi mdogo, bila kuivuta. Kila pete ina upana wa milimita 3 au 4. Nyaya mbili nyembamba za chuma hupitishwa katikati ya pete: moja hufungwa chini, nyingine kwenye kihisio cha mkazo. Pete huvutwa hadi gramu 2 na kuachwa itulie kwa saa nzima na zaidi, mmumunyo ukibadilishwa kila dakika 15. Kisha hujaribiwa kwa potasiamu kloraidi. Pete isiyojikaza kwa potasiamu imekufa, na haiendelei.

Inayofuata ni fenilefrini, inayoikaza misuli laini. Mstari kwenye skrini hupanda na kutulia juu kama tambarare. Juu ya tambarare hiyo tunadondosha asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, kutoka nanomola 1, tukiongeza hatua kwa hatua hadi maikromola 10, na kutazama mstari unavyoshuka.

Kushuka huko kuna historia. Kwa miaka mingi Robert Furchgott alijua kwamba asetilikolini huikaza aota ya sungura ikiwa nje ya mwili. Yeye mwenyewe alilichapisha hilo mwaka 1953. Alikuwa akiikata aota kuwa mikanda ya mzunguko, na katika kuikata na kuishika, upande wa ndani ulikuwa unasuguliwa. Pete zilipotumika badala ya mikanda, asetilikolini ilizilegeza. Mwaka 1980 yeye na Zawadzki walionesha kwamba ulegeaji huo unahitaji endotheliamu, yaani ule utando wa seli wa tabaka moja tu unaotandika ndani ya mshipa, na kwamba ukisuguliwa ukatoka, mshipa hukaza au hukaa kimya. Endotheliamu ilikuwa inatoa kitu kinachoiambia misuli ilegee. Mwaka 1987 kitu hicho kilitambuliwa kuwa gesi ya naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kila siku ya kazi tunasugua pete moja kwa makusudi, kwa kijiti kilichopitishwa ndani na kuzungushwa taratibu. Pete hiyo haikulegea hata kidogo kwa asetilikolini, na kwa dozi ya juu ilijikaza zaidi. Ni ushahidi kwamba tunachokipima kwa pete nyingine kinatoka kwenye endotheliamu na si kwingine.

Pete za kundi linganishi zilishuka kwa ngazi safi, kila dozi na ngazi yake, hadi karibu na pale zilipoanzia kabla ya fenilefrini. Kisha zikaja pete ambazo baadaye, misimbo ilipofunguliwa, zilikuwa za kundi la kolesteroli. Zilianza kushuka kwa kuchelewa, zikahitaji dozi kubwa zaidi ili kufika mahali palepale, na zikaishia njiani. Katika baadhi yake dozi ya mwisho iliuinua mstari tena kidogo badala ya kuushusha, kama ilivyokuwa kwa pete iliyosuguliwa. Hilo linaelezeka: asetilikolini ina vipokezi pia kwenye misuli yenyewe, ambako huamuru kukaza, na amri ya kulegea kutoka kwenye endotheliamu ikidhoofika, amri ya kukaza husikika.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba misuli ya sungura hao imegoma, na kwamba endotheliamu inasingiziwa. Ndiyo sababu kila pete humalizia kwa sodiamu nitroprusaidi, ambayo hutoa naitriki oksaidi yenyewe bila kupitia endotheliamu. Pete za makundi yote mawili zilishuka hadi chini, na kwa jicho sikuona tofauti kati yao. Misuli ya sungura waliokula kolesteroli inaijua amri ya kulegea na inaitii. Amri ndiyo haifiki.

Vipande vya aota vilivyobaki vilitiwa rangi ya Sudani IV, ambayo huyapaka mafuta wekundu. Kwa wanyama kadhaa wa kundi la kolesteroli palikuwa na madoa mekundu kwenye upinde wa aota na kuzunguka midomo ya mishipa inayoingia katikati ya mbavu, mahali ambapo mtiririko wa damu huvurugika. Lakini pete zetu zilikatwa kati ya midomo hiyo, kwenye ukuta uliotoka mweupe, na ulegeaji wake ulikuwa umeshapungua. Sina jambo katika mradi huu ninalolithamini kuliko hilo. Mshipa usio na doa ulikuwa umeshaacha kufanya kazi yake.

Umeme ulikatika mara moja katikati ya jaribio, na mmumunyo ukapoa kabla ya jenereta kuwaka. Pete za siku hiyo zimeondolewa zote, zilizoonesha matokeo mazuri na mabaya.

Septemba

Kwa nini amri haifiki? Fikra ya kwanza kwa kila mtu ni kwamba endotheliamu iliyojaa mafuta inatengeneza naitriki oksaidi chache. Fikra hiyo ilijaribiwa mwaka 1990, watafiti walipopima oksaidi zote za naitrojeni zinazotoka kwenye aota za sungura waliolishwa kolesteroli, wakakuta kwamba zilikuwa nyingi kuliko za sungura wa kawaida, ingawa mshipa ulikuwa unalegea kidogo. Gesi ilikuwa inatengenezwa, kisha inaharibiwa kabla ya kuvuka kwenda kwenye misuli.

Mharibifu mkuu ni supaoksaidi, oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada. Inapokutana na naitriki oksaidi huungana nayo kwa kasi kubwa mno na kuzaa peroksinaitraiti, ambayo si tu kwamba hailegezi mshipa ipasavyo, bali huchoma protini na mafuta ya seli. Mwaka 1993 kundi la Harrison, Marekani, lilionesha kwamba mishipa ya sungura wenye kolesteroli nyingi hutoa supaoksaidi nyingi, na kwamba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inatoka kwenye endotheliamu yenyewe. Baadaye ilieleweka pia kwamba kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksaidi, kikikosa kisaidizi chake kiitwacho tetrahaidrobiopterini, huanza kutoa supaoksaidi badala ya naitriki oksaidi. Mtengenezaji hugeuka kuwa mharibifu, na kila anavyoharibu ndivyo kisaidizi hicho kinavyozidi kuoksidishwa na kupungua.

Tumejaribu mambo mawili kwenye pete zilizobaki. La kwanza ni L-NAME, inayokizuia kimeng'enya: iliufuta ulegeaji wa makundi yote mawili, na kwa hiyo hata ule ulegeaji mdogo uliosalia kwa kundi la kolesteroli ulikuwa wa naitriki oksaidi. La pili ni L-arginini, malighafi ya kimeng'enya, iliyoongezwa kwenye mmumunyo kabla ya asetilikolini. Baadhi ya pete za kundi la kolesteroli zilishuka kidogo zaidi, nyingine hazikubadilika. Maandiko yaliyotangulia yamegawanyika vilevile, na kwa pete chache tulizo nazo sitaki kuegemea upande wowote.

Oktoba

Joto limeanza kupanda na ulishaji umesimamishwa. Sungura wachache waliosalia wa kundi la kolesteroli wamerudishwa kwenye chakula cha kawaida, ili tuone kama ulegeaji unarudi. Kwa nyani waliopata ugonjwa wa mishipa kwa chakula, kundi la Harrison lilionesha mwaka 1987 kwamba unarudi chakula kikirekebishwa, hata ukuta wa mshipa ukiwa bado haujarudi hali yake. Kwa sungura, kolesteroli iliyojikusanya mwilini hutoka polepole, na tunatarajia kusubiri.

Wageni wanaotembelea maabara huuliza swali moja: waache mayai? Kwa binadamu wengi kolesteroli inayoliwa huipandisha ile ya damu kwa kiasi kidogo, kwa kuwa ini hupunguza kutengeneza ya kwake, na mafuta yanayoganda huchangia zaidi kuliko yai. Ndiyo maana mwongozo wa chakula wa Marekani uliotolewa kwa kipindi cha 2015 hadi 2020 uliacha kutaja ukomo wa miligramu 300 kwa siku. Wapo watu ambao miili yao hupandisha sana, na wapo waliorithi kasoro ya vipokezi vya LDL. Hao wana daktari wao wa kuwashauri, na sungura wetu hana la kuwaambia kuhusu sahani zao. Analoweza kulisema linahusu mshipa ambao damu yake tayari ina kolesteroli nyingi, kwa njia yoyote ile iliyoingilia. Kwa binadamu hilo limeonekana pia: mwaka 1986, huko Boston, asetilikolini iliyodondoshwa kwenye mishipa ya moyo yenye ugonjwa iliibana badala ya kuitanua.

Hatua inayofuata ni ya hapa nyumbani. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionesha kwamba maji ya maganda ya zabibu hulegeza pete za aota ya panya zenye endotheliamu, na hayalegezi zilizosuguliwa. Zabibu nyekundu tunazo, na maganda yanayobaki baada ya kukamua divai mara nyingi huishia shambani. Tunataka kuyajaribu kwenye pete za sungura wa makundi yote mawili, tukianza na maganda ya Makutupora Red yaliyokaushwa kivulini. Kabla ya pete yoyote, maji ya maganda yatasawazishwa pH hadi ilingane na ya mmumunyo, na mmumunyo wenye asidi ya tatariki bila maganda utapimwa pembeni, kwa sababu uchachu peke yake hulegeza mshipa, na zabibu za Dodoma ni chachu.